Masale Kwenye Njia ya Boma la Mawe

Remigius Tarimo hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana habari yake inafaa kusimuliwa. Mwovu akitenda uovu hatushangai wala hatujifunzi. Remigius hakukosa misa ya Jumapili kule kwao Kilema, hakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, mpaka akaanguka mferejini, na katika miaka kumi na minane ya ndoa hakumwinulia mkono mkewe Theodora. Wivu ulimwingia akiwa amekwisha kupita miaka arobaini, umri ambao wengi wetu tunadhani tumekwisha kujijua.

Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi Moshi kilipouzwa, wafanyakazi wakapewa barua na kuambiwa waende zao. Wenzake wengine walishika mitumba, wengine walirudi kulima kahawa ambayo bei yake ilikuwa inashuka kila msimu. Yeye alifungua kibanda cha fundi baiskeli kando ya barabara, kata ya Mawenzi. Aliziba pancha, alinyoosha spoku, alifunga minyororo. Siku moja ya mwaka 1995 walisimama pale mume na mke, walimu kutoka Denmark, wamechoka kuulizwa na kila mtu kama wanapanda mlima. Hawakutaka kufika kileleni. Walitaka kuona watu wanavyoishi chini yake, na walitaka kwenda kwa baiskeli. Remigius alifunga kibanda akawapeleka kwao.

Njia ile aliibuni mwenyewe. Alitoka mjini alfajiri, kabla lami haijaanza kuchoma, akafuata barabara ya Himo, mlima ukiwa kushoto na nchi tambarare ya Kahe imetandaa mbali upande wa kulia. Kisha alikunja kushoto na kuanza kupanda. Hapo ndipo mapaja yalipodaiwa haki yake: udongo mwekundu, kona baada ya kona, migomba imefunika njia kama paa. Palikuwa na mfereji wa kuvukwa juu ya magogo mawili, na mteremko mmoja ambao hata shujaa alishuka akasukuma. Walipita misheni ya zamani, wakapumzika kwenye kivuli cha kanisa, wakapanda tena mpaka kwenye kihamba cha mjane mmoja aitwaye Kornelia, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Pembeni mwa kihamba hicho kilipita kijia chembamba, na mwisho wa kijia palikuwa na Boma la Mawe.

Wenyeji walikuwa wamelizoea kiasi cha kuanika maharage juu yake. Ni kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, urefu wa kifua cha mtu, na mlango ambao lazima uinamishe kichwa kuingia. Ndani kuna tundu la handaki ambamo wanawake na mbuzi walifichwa enzi za vita vya mamangi, watawala wetu wa zamani. Remigius aliwasimulia wale walimu kama alivyosimuliwa na babu yake. Yule mama wa Kidenmark aliweka kiganja juu ya jiwe. Kornelia akawatolea ndizi mbivu kwenye ungo.

Wageni walikwenda wakaambiana. Kwa miaka miwili, kila aliyetaka kwenda milimani kwa baiskeli alielekezwa kwa fundi wa Mawenzi, na watu wakaanza kumwita Remi wa Boma. Jina lile lilimkaa vizuri. Nadhani lilimkaa vizuri kupita kiasi.

Ndipo akaja Yassin Salehe. Yassin alizaliwa mjini, mtoto wa fundi cherehani, kijana wa miaka thelathini mwenye maneno machache na tabasamu la karibu. Alinunua baiskeli sita za mtumba zilizoshushwa kutoka kwenye kontena, baiskeli za gia, tairi pana zenye meno, na kofia ngumu za kichwani. Kabla ya kufanya lolote alikwenda kwa Remigius kwa heshima. Akamwambia, kaka Remi, wewe una njia, mimi nina baiskeli, tushirikiane. Remigius alimjibu kwamba njia yake haihitaji gia. Yassin akashukuru akaondoka, na mwezi uliofuata akapanda mwenyewe kwa kuuliza watu, kwa kuwa barabara haina mwenyewe na Wakilema hawamnyimi mtu maelekezo.

Kuanzia hapo Remigius hakupanda tena mlima kwa raha. Alipanda ameinamisha macho, akitafuta alama za tairi zenye meno kwenye vumbi. Aliweza kukwambia wamepita wangapi, wapi walishuka kusukuma, nani alianguka. Akikuta alama ni nyingi, alishuka akasukuma hata pale pasipo na mwinuko. Akikuta ni chache alijiuliza kwa nini, kana kwamba Yassin amegundua njia nzuri zaidi na kumficha. Alisikia kwamba Yassin huwaambia wageni kuta zile zilijengwa na Wajerumani, akachekelea siku nzima, kisha usiku akakosa usingizi kwa sababu wageni waliambiwa uongo na bado walirudi wakisifu.

Nyumbani hapakuwa na pa kukimbilia. Theodora alitaja tu, akimenya ndizi, kwamba yule kijana wa mjini alimkuta amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe akashuka kumsaidia. "Ana adabu," alisema. Remigius akasukuma sahani, akasema hana njaa.

Kilichomkata kabisa kilikuwa kitu kidogo. Alipita kwa Kornelia akiwa na mgeni mmoja, akamkuta mama yule anaosha ungo. Mama akamwambia wasubiri kidogo, ndizi zilizokuwa tayari amewapa wageni wa Yassin. Ungo uleule. Mtu aliyefunga kibanda chake na kuwaleta wageni wa kwanza alikuwa anaombwa asubiri.

Tuseme wazi: hakuwa amenyang'anywa kitu. Wageni wake walikuwa walewale. Lakini mwenye wivu hahesabu alichonacho. Huhesabu kilichoko mkononi mwa mwenzake.

Alhamisi moja mwezi wa Novemba, wanawake wote wakiwa wamekwenda sokoni, Remigius alikata mashina ya masale kwenye ua wake mwenyewe. Kila aliyezaliwa Uchagani anajua masale, ule mmea wa majani marefu usiokufa hata ukiukata ukauchomeka kichwa chini. Tunaupanda kwenye mipaka ya vihamba, na tangu zamani tumeupanda pale walipolala wazee wetu. Alichukua mashina kumi na mawili, akayachomeka kukata kile kijia kinachoelekea bomani, mengine akayazungushia lundo la mawe. Mtu akitokea angesema, kumbe hapa kuna makaburi. Hakuna Mchagga atakayepita juu ya makaburi, wala kumwonyesha mgeni apite. Yeye mwenyewe alijua upenyo wa upande wa juu, katikati ya miti, ambao mtu wa mjini asingeufikiria.

Mvua za vuli zikanyesha, masale yakashika. Jumamosi moja Yassin alikuja na wageni watano, na wanawake waliokuwa wakikata majani wakamwambia hapa hapapitwi. Akawaomba radhi wageni, akageuza baiskeli. Remigius alipohadithiwa alitabasamu, akaenda kunywa mbege kilabuni, jambo ambalo hakulizoea siku za Jumamosi. Akajiambia kwamba hakumdhuru mtu.

Alikuwa amesahau kwamba masale husema mambo mawili.

Jirani wa Kornelia, mzee Elimringi, alikuwa mtu wa kesi. Alipoona masale yamesimama kwenye mstari hakuona makaburi, aliona mpaka. Akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, mzee Eliona, akasema Mungu ametenda. Alidai baba yake alimwambia tangu utotoni kwamba boma na sehemu ile yenye migomba na kahawa inayolizunguka ni mali ya ukoo wao, ila masale ya mpaka yaling'olewa na wakwe wa Kornelia. Sasa visiki vya zamani vimechipua vyenyewe kumtetea. Kornelia hakuwa na mume, na wanawe wawili walikuwa Dar es Salaam. Sehemu ile ndiyo iliyomlisha.

Balozi aliitisha kikao Jumapili baada ya misa, palepale kwenye masale. Wazee wakakaa juu ya mawe. Remigius aliitwa kuwa shahidi, kwa kuwa hakuna aliyepita pale mara nyingi kama yeye.

Elimringi alisema kwa kirefu, akamaliza kwa kugonga fimbo chini. "Masale hayajipandi. Hata visiki vyake vilipandwa na mtu, na mbuzi hajui kupanda masale."

"Labda ni Wazungu," mmoja akatupia. "Siku hizi wanapenda sana kupanda miti." Watu wakacheka.

Kornelia hakucheka. Alisema ameolewa pale miaka arobaini na miwili, amekata majani pale, ameokota kuni pale, amejifungulia mtoto wake wa pili kwenye migomba ile mvua ilipomkatalia kufika nyumbani. Hakuona sale hata moja mpaka mwezi uliopita.

Balozi akageuka. "Remigius. Mwezi wa kumi, haya yalikuwepo?"

Jibu alikuwa nalo tayari: sikuangalia. Lilikuwa jibu salama, lisilo kweli wala uongo mkubwa. Na lazima nimseme kama alivyokuwa: alipofikiri, hakumfikiria mjane kwanza. Alimfikiria Yassin. Akiyakana masale, kijia kitafunguka, na tairi zenye meno zitarudi. Akinyamaza, Elimringi atachukua sehemu, na Elimringi hapendi wageni, njia itakufa kwa wote wawili. Kwa muda wa pumzi chache Remigius aliona hilo la njia kufa kuwa ni nafuu. Huko ndiko wivu unakompeleka mtu.

"Mwacheni aseme," Kornelia alisema. "Huyu hatadanganya mbele yangu."

Remigius alivua kofia. "Niliyapanda mimi."

Elimringi akamgeukia. "Umepanda mpaka wa nani?"

"Si mpaka. Nilitaka yaonekane makaburi."

"Makaburi ya nani? Ya baiskeli?"

Kicheko kile kilisikika mpaka barabarani. Vijana walikirudia Kilema nzima kwa mwaka mzima, na mpaka leo akipita wapo wanaomwuliza marehemu alikuwa na gia ngapi. Kikaoni balozi alinyoosha mkono wakanyamaza. Akasema sale hung'olewa na aliyelipanda, hakuna mwingine atakayeligusa. Remigius akapiga magoti na suruali yake ya misa, akaanza kung'oa. Mizizi myeupe ilikuwa imekwisha kushika mawe. Alivuta kumi na mawili yote, na hakuna aliyeondoka kabla hajamaliza.

Wiki iliyofuata alipanda tena kwa Kornelia, na kibuyu cha mbege na jani la sale lililofungwa fundo. Kwetu mtu akiletewa jani hilo hahitaji kuambiwa neno, na haruhusiwi kulikataa, hata kama aliyelileta alimuulia ndugu. Ndiyo maana waliokosa hulipenda. Kornelia alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka kwenye kizingiti cha dirisha.

"Nimelipokea. Na yule wa mjini?"

"Yule si Mchagga, mama. Mambo haya hayajui."

"Kwani nimekuuliza kabila lake?" Akarudi kupepeta maharage yake.

Basi Remigius aliteremka akiwa na jani jingine ndani ya shati. Kutoka Kilema mpaka mjini ni mteremko karibu wote, na kwa kawaida aliushuka bila kugusa pedeli. Siku hiyo alishika breki njia nzima.

Alimkuta Yassin uani kwao, baiskeli tatu zimening'inizwa kwenye boriti, ameshika brashi anasafisha mnyororo. Dada yake Rukia alimkaribisha mgeni kiti na kahawa. Hakuketi. Akatoa jani akamnyooshea.

Yassin alijifuta mafuta, akalipokea, akaligeuza huku na huku, akanusa. "Ahsante, kaka Remi. Hii ni dawa ya nini?"

Pale ndipo Remigius alipotambua alichotumwa na Kornelia. Mkononi mwa Mchagga jani lingesema lenyewe, na yeye angesimama pembeni na heshima yake. Mkononi mwa Yassin lilikuwa jani tu. Maneno yalibaki kuwa yake.

"Yale masale bomani," alisema, "hapakuwa na makaburi. Niliyapanda mimi ili usipite."

Yassin aliweka brashi chini.

"Nilikuonea wivu. Sikuwa na sababu nyingine. Hilo jani linaomba msamaha."

Rukia aliweka kikombe chini akaingia ndani, na kwa hilo nampa heshima. Yassin aliliangalia lile jani tena, safari hii kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Alisema wale wageni watano walikuwa wametoka mbali, na mmoja wao alikuwa mzee ambaye hatarudi tena Afrika. Alisema aliwadanganya kwamba njia imeharibiwa na mvua, na hakupenda kuwadanganya. Remigius alisikiliza yote akiwa amesimama.

"Jumamosi nina watu wanne," Yassin alisema mwishoni. "Niwapeleke bomani au nisiwapeleke?"

Wivu haukuwa umemtoka. Asikudanganye mtu kwamba unatoka kwa kuungama mara moja. Remigius aliziangalia zile tairi zenye meno, pana, safi, akajikuta anazihesabu kama alivyohesabu alama zake vumbini. Jibu lilimchukua muda mrefu kuliko lile la mbele ya balozi.

"Wapeleke," alisema.

Kisha akaketi, akavuta kile kikombe cha kahawa, akakinywa ingawa kilikuwa kimepoa.