Nusu Mtungi

"Maji uliyonawia uso leo asubuhi, nani aliyabeba?"

Hadi leo, mwanangu, naikumbuka Jumamosi niliyoulizwa swali hilo mbele ya wenzangu kumi na mmoja, nikajibu kwa kubahatisha. Kwa kawaida mwenye kuuliza nilikuwa mimi. Nyumbani Chiwata walinijua kwa hilo tangu utoto. Baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa kanisa, alizoea kuwaambia wageni kwamba ukinifundisha amri kumi, nitataka kujua kwa nini hazikuwa kumi na moja.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Waingereza. Kule Newala, karibu na ukingo ambako uwanda unakatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana lote chini, kulikuwa na seminari ndogo. Wanaume walisomea upadre. Upande wa pili wa kanisa, katika bweni la udongo lililoezekwa nyasi, tulikaa wasichana kumi na wawili tuliosomea ualimu wa dini. Kutoka kijijini kwetu nilikuwa wa kwanza. Baba alinisindikiza kwa miguu, sanduku langu amelifunga nyuma ya baiskeli, anaisukuma mchangani, na kila tuliyekutana naye alimsimamisha amwambie kwamba binti yake anakwenda kusoma Maandiko. Mengi ya safari ile yamenitoka. Sauti ya baba akisema maneno yale haijanitoka.

Mwalimu wetu mkuu alikuwa Padre Kasiani, Mmakua wa Masasi, mzee mfupi ambaye miwani yake ilifungwa uzi upande mmoja. Baadaye nilisoma chuo kikuu, Kampala, kwa walimu wenye vitabu vilivyojaa kuta nne, na bado sijakutana na mtu aliyejua kusikiliza swali kama yeye. Ukimwuliza jambo alivua miwani, akaifuta polepole kwa pindo la kanzu, akakutazama kana kwamba wewe ndiye wa kwanza duniani kuuliza. Siku moja nilimwuliza kwa nini Mungu mwema ameweka watu juu ya nchi isiyo na maji. Hakunikemea.

"Hilo hata mimi namwuliza kila kiangazi," alisema. "Akinijibu kabla yako, nitakuita."

Maji ndiyo yaliyotawala maisha yetu pale juu. Mabomba yalikuwa bado. Kila siku baada ya masomo ya mchana tulishuka gengeni, ule ukingo wa bonde, kwa njia ya mawe mpaka kwenye chemchemi bondeni, tukapanga foleni na wanawake wa vijiji, Wakristo na Waislamu pamoja, tukachota kwa kata moja moja, tukapanda na mitungi kichwani jua likielekea kuzama. Kila msichana alikuwa na mtungi wake, umewekwa chini ya upenu nyuma ya bweni. Huo mmoja ndio uliokuwa maji yako ya kunywa, ya kunawa na ya kufulia mpaka kesho yake. Mimi niliyekulia karibu na kijito niliona ni adhabu.

Basi kiangazi kimoja nilijikata mguu kwa jembe katika shamba la mihogo la seminari. Kidonda kikavimba, nikakatazwa kushuka gengeni. Wenzangu wakienda majini mimi nilibaki bwenini, mguu juu ya kigoda, na kazi yangu ikawa kufikiri. Nilifikiri hivi: watu wanasali, mvua hainyeshi. Watu wasiosali, mvua haiwanyeshei vilevile. Nitajuaje kama sala inafanya kitu? Nikaamua kujaribu. Kwa siku arobaini nisingesali. Kanisani ningekwenda, maana kengele ilikuwa sheria, ila moyoni nisingesema neno. Kisha ningeangalia ni kitu gani kimepungua.

Hakikupungua kitu. Jua lilichomoza. Ming'oko, vile viazi vya porini, ilichimbwa, ikachemshwa, tukala. Hata mtungi wangu haukukauka siku hata moja. Kila asubuhi nilipofunua kifuniko nilikuta maji. Yalikuwa nusu, siku zote nusu, wala sikujiuliza kwa nini nusu. Nilidhani ni utaratibu wa seminari kwa wagonjwa, labda kazi ya Mama Rosa mpishi, nikachota, nikanawa.

Nami nilinawa vizuri. Tena nikapata ujasiri wa kuwacheka wasionawa. Kitanda cha jirani yangu kilikuwa cha Eufemia, Mmakonde wa Mnyambe, msichana mrefu mwenye chale mashavuni, ambaye kanisani alipiga magoti muda mrefu kuliko sote. Kiangazi kile miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini, na gauni lake lilikaa wiki mbili bila kufuliwa. Mimi Myao na yeye Mmakonde tulikuwa watani, basi sikujizuia.

"Jamani, fungueni dirisha," nilikuwa nikisema akiingia. "Mnyambe imefika."

Naye hakuwa mnyonge. "Nyamaza, Myao wewe. Umeoga mpaka akili imetoka na maji."

Bweni zima lilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Ilikuwa desturi yetu kwamba kila Jumamosi, baada ya sala ya asubuhi, kila msichana alisimama mbele ya Padre na wenzake, akaeleza kwa ufupi juma lake la sala lilikwendaje. Wengi walisema yaleyale: nilisinzia, nilimkasirikia fulani, naomba mniombee. Siku arobaini zilipotimia nilisimama nikasema ukweli wangu wote. Nilieleza jaribio langu tangu mwanzo, kwa fahari, kama mtu aliyeleta mzigo wa kuni. "Nimeacha kusali siku arobaini, Baba," nikamaliza, "na hakuna kilichopungua. Hata mtungi wangu umekuwa na maji kila asubuhi."

Wasichana wawili walijishika vinywa. Eufemia akasimama bila kuitwa. "Baba, huyu arudishwe kwao. Leo hii! Asikae na sisi hata siku moja zaidi."

Padre Kasiani alivua miwani. Akaifuta. Aliifuta muda mrefu hadi nikasikia mbuzi wakilia nje. Ndipo akaniuliza lile swali.

"Maji uliyonawia uso leo asubuhi, nani aliyabeba?"

Nilifungua kinywa. Nikasema labda Mama Rosa. Akamtuma mtu amwite. Mama Rosa alikuja na mwiko mkononi, akanitazama toka kichwani hadi kwenye bandeji.

"Mimi? Nina vinywa thelathini vya kulisha, nipande genge na mtungi wako pia? Mwanangu, wewe ni nani, bibi arusi?"

Padre akawatazama wenzangu mmoja mmoja. Hakuna aliyeinua mkono. Basi akaniambia, kwa upole ulioniumiza kuliko fimbo, "Mwenye kujaribu jambo huangalia vyote vilivyomo ndani yake. Wewe umeacha kitu kimoja nje ya hesabu yako. Kitafute. Muhula unakwisha wiki tano zijazo. Siku ya mwisho njoo uniambie ulichokiona. Kama hutakuwa umetafuta, nitamwandikia baba yako aje na baiskeli."

Nililiona sanduku langu nyuma ya ile baiskeli, na baba akisukuma kimya kupita kwa watu walewale aliowasimamisha. Sikulala vizuri juma lile.

Nilianza kwa kuuliza. Nilimwuliza kila msichana, kwa ujanja na bila ujanja. Wote walikana. Eufemia nilimwuliza wa mwisho, na kwa dharau, maana nani angemdhania? "Nikubebee maji wewe?" alisema. "Ningekumwagia." Nikamwamini. Ushahidi wote ulikuwa umesimama mbele yangu kwa miguu yenye vumbi, na mimi, mpenda ushahidi, nikageukia upande mwingine.

Juma lililofuata kidonda kilifunga, nikaanza tena kushuka gengeni. Tangu siku hiyo nusu yangu haikuonekana tena. Kwa miezi nilikuwa sijapita njia ile, na safari hii nilipita nikiwa na swali kichwani. Nilihesabu hatua mpaka nikapotewa na hesabu. Chemchemini bibi mmoja wa Kiislamu, amejifunga leso kichwani, alinipisha kwenye foleni alipouona mguu wangu. Nilimwambia shikamoo na asante, akaitikia marahaba, akaniambia nipande taratibu. Katika kupanda nilijikwaa, maji yakaruka, yakaingia mchangani mbele ya macho yangu, na nikalia kwa ajili ya maji yasiyofika kata mbili. Ndipo nilipoelewa nusu mtungi ni nini. Nusu mtungi ni nusu ya mgongo wa mtu.

Kesho yake, kabla ya kengele, nilikwenda nyuma ya bweni na kufunua mitungi yote kumi na miwili. Nilijiambia kwamba natafuta ushahidi. Mtungi uliokuwa na maji kidogo kuliko yote ulikuwa wa Eufemia, ambaye jioni iliyotangulia alikuwa amemchemshia msichana mwingine mwenye homa maji ya kuoga. Nilisimama pale nikibishana na nafsi yangu. Katika watu wote, huyu? Aliyetaka nifukuzwe? Mwishowe niliinua mtungi wangu nikammiminia nusu.

Nilifanya hivyo asubuhi nyingi baada ya ile, kwa yeyote niliyekuta mtungi wake uko chini. Na asubuhi moja, maji yakiwa yanashuka bila kelele, nilijisikia nikinong'ona jina la yule ninayemmiminia, na baada ya jina nikasema, "Bwana, umwone." Nilishtuka. Nilikuwa sijapanga kusali.

Siku ya mwisho ya muhula nilikwenda kwa Padre Kasiani.

"Sijui, Baba. Nimetafuta kila mahali. Simjui."

"Na sasa maji ya wenzako, nani anayabeba?"

Sijui aliniona lini kwenye mitungi. Alitabasamu, akaivaa miwani yake ya uzi. "Hata mimi sikumjua mtu huyo, na mpaka sasa simjui," alisema. "Muhula ujao urudi, na maswali yako yote uje nayo. Usiache hata moja nyumbani."

Nikarudi. Nilihitimu, nikafundisha, nikaenda Kampala, nikafundisha tena mpaka nywele zikawa hivi unavyoziona. Na sitakudanganya: bado nauliza. Maji yale hayakunithibitishia kwamba Mungu yupo, kwa sababu mtu ndiye aliyeyabeba. Yalinifundisha kwamba nilikuwa nimepima imani nikiwa nimekaa juu ya kigoda, nikinywa kutoka mgongoni kwa mwingine, na hicho si kipimo.

Basi shika haya, mwanangu. Uliza. Anayekukataza kuuliza anaogopa kitu ambacho Mungu hakiogopi. Lakini ukiuliza, jiingize na wewe ndani ya swali lako. Kabla hujasema kwamba jambo halina maana, tafuta kwanza anayelibeba, ushuke naye, ulipande genge lake. Ukimwona mwenzako ana vumbi, usimcheke kabla hujajua maji yake yamekwenda wapi. Na siku sala ikikushinda, usikae ukiingojea. Chukua mtungi.

Mungu akupe kiu ya kweli, na watu wa kukujazia ukiwa huwezi kutembea. Akupe mgongo wenye nguvu, uwajazie wengine bila wao kujua. Akuweke, akulinde, na akikujibu kabla yangu, uniite.

Limebaki jambo moja. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda Mnyambe kumwona Eufemia, mzee kama mimi, amekaa barazani anabangua korosho. "Myao," aliniita kabla sijafika, "bado unaoga?" Tukacheka mpaka tukashikana. Hapo ndipo aliponiambia kwamba nusu ile ilikuwa yake, kiangazi chote. Nikamwuliza kwa nini, basi, alitaka nifukuzwe. Akapuliza maganda kwenye ungo.

"Kwa sababu ulisema kwa sauti kitu nilichokuwa nakificha," alisema. "Tangu mama yangu azikwe mwaka ule, sala ilikuwa imenikauka kabisa. Mlinionea wivu nilivyokaa magotini, na ndani hapakuwa na hata neno moja. Kitu pekee kilichonibakia cha kumpa Mungu kilikuwa nusu mtungi, nami sikujua mahali pengine pa kumimina."