Zabibu Aliyompa Mama Mkwe

Wanyonyi amekuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya Eldoret kwa muda mrefu, na hakuna aliyewahi kumwona akimwaga supu. Ukiagiza chai, inakuja ikiwa moto. Ukiagiza samaki, anakuja na ndimu bila kukumbushwa. Alianzia nyuma, kwenye chumba cha kufulia, ambako mikono inaliwa na sabuni na hakuna anayejua jina lako. Siku alipopewa shati jeupe na kupelekwa ukumbini, alijiambia kwamba huko nyuma harudi tena.

Kisha mwenye hoteli akaona kwamba wageni wa siku hizi, wakimbiaji wanaotoka Ulaya na mameneja wao, wanataka mvinyo. Chupa zikaletwa. Pamoja na chupa akaletwa Madam Jepchumba, meneja mpya wa ukumbi, mwanamke wa sauti ya upole asiyerudia neno mara mbili.

"Nataka kila mmoja wenu ajue hizi zabibu kwa majina na tabia," aliwaambia wahudumu. "Mgeni akiuliza, unajibu. Wiki ijayo nitasimama karibu na meza yako nikusikize. Mwenye hataweza, ataenda laundry."

Sasa, Wanyonyi hanywi. Yeye ni muumini wa kanisa la Marafiki, na kwao pombe haiguswi. Wenzake walipozungusha mvinyo mdomoni na kufumba macho, yeye alichovya mdomo tu, akatema. Chupa zote kwake zilikuwa na ladha ya dawa ya kikohozi. Ikabidi ategemee masikio, na masikio ndiyo yaliyomchanganya kabisa.

Riesling ya Ujerumani, aliambiwa, ni kali kama limau. Lakini kuna Riesling nyingine tamu kama asali, na zote mbili ni Riesling. Chardonnay ikilimwa penye baridi ina ladha ya tofaa bichi. Ikilimwa penye jua na kulazwa kwenye pipa la mbao, inanukia siagi. Zabibu nyeusi inaweza kukamuliwa ikatoa mvinyo mweupe. Wafaransa nao, badala ya kuandika jina la zabibu kwenye chupa, mara nyingi wanaandika jina la mahali. Na Cabernet Sauvignon, ambayo ni nyeusi tititi, mzazi wake mmoja ni Sauvignon Blanc, ambayo ni nyeupe.

"Nyeupe ilizaa nyeusi?" Wanyonyi aliuliza.

"Ndiyo."

"Na hakuna mtu alileta maneno?"

Wenzake walicheka mpaka wakashika meza. Yeye hakuwa anatania. Alirudi nyumbani Langas kichwa kikimzunguka, akamweleza mkewe, Nanyama, aliyekuwa anakatakata sukuma wiki.

"Baba Mulongo, kwani wewe umewahi kusahau mtu?" Nanyama alisema bila kuinua macho. "Hizo zabibu zifanye watu. Kila moja ipe mtu unayemjua."

Kwa mara ya kwanza wiki hiyo Wanyonyi aliona mwanga. Merlot, laini, isiyogombana na chakula chochote, akampa jirani yake Maurice, anayepatana hata na mbwa wa watu. Pinot Noir, ya ngozi nyembamba, inayoharibika kwa jua kidogo na mvua kidogo, akampa Rosebella wa kwaya, ambaye ukimkosea salamu anaugua wiki nzima. Chardonnay, inayobadilika kufuatana na mahali ilipo, akampa shemeji yake Cyril, kaka mdogo wa Nanyama, anayeongea Sheng akiwa kwake Kapsoya na kugeuka mzee wa ukoo akifika kwao Kimilili.

Ikabaki Cabernet Sauvignon. Ngozi nene, rangi nzito. Ikiwa changa hukausha ulimi na kukufunga mdomo. Inataka miaka ili itulie, na ukiiweka karibu na nyama inalainika. Wanyonyi hakutafuta mbali. Kabla hajafikiri sawasawa, mama mkwe alikuwa ameshaingia kwenye chupa na kukaa.

Hapo ndipo alipojikoroga. Kwao Wabukusu, mkwe na mama mkwe wanaoneana haya. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Hata jina lake Wanyonyi halitamki, nasi hapa tutamwachia siri yake. Haya hiyo huondolewa siku mkwe anapompelekea mama blanketi, wakashikana mikono mbele ya watu. Wanyonyi aliahidi blanketi hilo mwanawe Mulongo akiwa bado ananyonya, na sasa Mulongo anaota ndevu. Pesa ya blanketi hakukosa. Alikuwa na woga tu. Yule mama alimpinga tangu siku ya posa, na Wanyonyi aliona wazi jinsi atakavyonyoosha mkono, nao uachwe unaning'inia hewani.

Basi kila alipofanya mazoezi mbele ya kioo, akiwataja akina Maurice na Rosebella bila wasiwasi, akifika kwa Cabernet macho yalianguka sakafuni na ulimi ukakwama. Alijaribu kumhamisha mama yule kwenye chupa nyingine. Hakuhama.

Siku ya mtihani wake ikafika, wakati wa chakula cha mchana. Siku hiyohiyo Cyril alikuwa amemleta mama yake mjini kupimwa macho, na walipomaliza akaona ampeleke mahali pazuri wale. Alijua kwamba shemeji yake huingia zamu ya jioni. Hakujua kwamba wiki hiyo amehamishwa.

"Wanyonyi, ile meza ya dirishani ni yako," alisema Madam Jepchumba.

Wanyonyi alitazama, akaona kitambaa cha kichwa anachokijua. Akajificha nyuma ya friji.

"Madam, nipe meza ingine. Yoyote."

"Meza ni hiyo. Ama unataka laundry?"

Alisimama hapo akiwa hajui ashike lipi. Akienda, amevunja heshima ya watu wa kwao. Asipoenda, lile shati jeupe analivua leo. Miguu ndiyo iliyoamua. Alienda ubavuubavu, uso ameuelekeza ukutani, na mama mkwe alipomtambua alivuta leso akajifunika uso.

"Shemeji!" Cyril alibaki kinywa wazi. "Si wewe ni wa jioni?"

"Karibuni," Wanyonyi aliuambia ukuta.

Madam Jepchumba akasogea. "Leo tuko na Cabernet Sauvignon ya Ufaransa. Wanyonyi, waelezee wageni."

"Ni... ngozi yake ni nene," alianza. "Rangi nzito. Mara ya kwanza atakufunga mdomo. Utafikiri hakupendi." Zabibu na mtu vilikuwa vimeshachanganyika kichwani, na hakujua tena kipi ni kipi. "Lakini usiwe na haraka na yeye. Hatoi kitu chake siku ya kwanza. Ukikaa na yeye miaka ndio unajua kile alikuwa ameficha. Na mtoto akigonjeka, anatoka Kimilili na mvua yote, anamweka kwa kifua mpaka homa inashuka, halafu anarudi kwake bila kungoja asante."

Cyril aliweka menyu chini polepole.

"Hiyo ya homa," aliuliza Madam Jepchumba, "iko kwa chupa gani?"

Ndipo Wanyonyi aliposikia alichosema mwenyewe, akatamani ardhi ipasuke.

"Na mbona unapea mgeni mgongo? Mhudumu hapeani mgongo. Nilikwambia—"

"Msichana wangu," sauti ilitoka chini ya leso, "hakuna mtu amenipa mgongo. Huyo ameoa binti yangu. Angenitazama, hapo ndio ningeamka niende."

Madam Jepchumba alitazama leso, akatazama ukuta, akatazama leso tena. Uso wake ukalegea.

"Basi laundry utaenda tu kuchukua vitambaa vya meza," alimwambia Wanyonyi. "Lakini hiyo ya homa usiambie wazungu."

Akaondoka. Wanyonyi hakujua kama aende jikoni au abaki, na mikono yake, iliyozoea sinia, haikujua pa kukaa.

"Cyril," mama mkwe alisema, "ambia huyo mtu wa zabibu. Hii miaka yote nilijua ananiogopa, ndio maana haleti blanketi. Kumbe ananijua. Mwambie alete. Nimechoka kuongea na ukuta."

"Nimesikia, Mama," Wanyonyi aliuambia ukuta, na machozi yakamtoka asijue ni ya nini. Kisha akaenda kuleta chai.