Miguu ya Cosmas

Beda alikuwa anashona turubai la lori kibandani kwake, Kilosa mjini, simu ilipolia. Alikuwa shemeji yake Letisia, anapiga kutoka Mikumi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Letisia. Mmeamkaje huko?"

"Shemeji, Cosmas hatunaye. Ametutoka alfajiri, hospitali."

Beda aliichomeka sindano kwenye turubai ili isipotee. Alijua anapaswa kusema Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Yeye ni mwenyekiti wa jumuiya, na maneno hayo amewaambia wafiwa wengi. Siku hiyo hayakuja. Alibaki kuvitazama vidole vyake, maana vilikuwa vimeshakumbuka jambo ambalo moyo ulikuwa bado unalikataa.

Cosmas, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa fundi wa matairi pale malori yanapolala. Mtu mfupi, mcheshi, mwenye kifua kama pipa. Zamani aliwahi kuwa mlinzi Dar es Salaam, na huko ndiko alikojifunza jiujitsu, mchezo wa kukabana chini bila ngumi wala teke. Aliporudi alimwomba kaka yake amshonee godoro pana la turubai. Wakalijaza pumba za mpunga, wakalitandika nyuma ya karakana. Matingo wa malori, wale wasaidizi wa madereva, wakaanza kuja jioni kujifunza. Beda alikwenda siku moja kuangalia tu kama mshono unashika, akanaswa. Tangu hapo, akipata Jumapili yenye nafasi, alitoka misani akapanda basi kwenda Mikumi.

Cosmas alipenda kucheza akiwa chali. Alilala mgongo chini, magoti ameyakunja, nyayo zake zinakutazama. Hiyo aliiita gadi. Kazi yako wewe ni kuivuka miguu hiyo umfikie kifuani. Ukiusukuma mguu mmoja, mwingine umeshajipinda nyuma ya paja lako kama ndoano. Anauvuta mkono wako, anakunyanyua, na mara wewe ndiye uliye chini unatazama mawingu. Beda alijaribu miaka. Alishika pindo za suruali ya mdogo wake kwenye vifundo, akaitupa miguu upande huu, akazunguka mbio upande ule. Akifika, anakuta miguu imemtangulia.

"Kaka, unapita kama lori lenye trela," Cosmas alimwambia. "Nimekuona tangu uko mbali kule Doma."

Ikaja Jumapili moja baada ya Pasaka. Siku hiyo Beda aliishika miguu, akaitupa, akazunguka, na haikurudi. Ndoano ilimgusa paja, ikaachia. Akaweka bega kifuani kwa Cosmas, akamlalia, matingo wakapiga kelele. Cosmas alipiga godoro kwa kiganja kuomba aachiwe. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda milima ya Vidunda na gunia kichwani.

"Leo umepitwa, mdogo wangu," Beda alisema. "Utasema nini?"

"Nitasema umekula wali mwingi." Cosmas alikaa, akavuta suruali juu. "Kaka, umeiona miguu?"

Beda aliiona. Pale alipokuwa ameshika, juu ya kifundo, alama za vidole vyake zilikuwa zimebaki, vishimo vinne kama kwenye unga uliokandwa, na nyama haikurudi. Aliona, na akajua kwamba mguu alioutupa ulikuwa mzito kuunyanyua lakini hauna nguvu. Lakini alikuwa amengoja siku ile muda mrefu, na hakutaka mtu aseme amempita mgonjwa.

"Nimeiona," akasema. "Si ndiyo iliyopitwa?"

Watu wakacheka. Cosmas naye akacheka, akaishusha suruali. Beda alirudi Kilosa akasimulia ushindi wake kwenye jumuiya, akasimulia na sokoni.

Hospitali walimwambia Letisia kwamba moyo ulikuwa umechoka, na kwamba miguu ndiyo huanza kuvimba. Kama angeletwa mapema, walisema, wasingeahidi, lakini wangejaribu. Letisia alimweleza Beda hayo msibani bila kumlaumu, kwa sababu yeye hakujua lolote la Jumapili ile.

Siku ya maziko, pale Kilosa, jeneza lilipokaribia kaburi, Cleopa alijitupa chali katikati ya njia. Cleopa ni mtani wa ukoo wao, na mtani ana haki ya kumwigiza marehemu na kuzuia njia mpaka apewe chochote. Alikuwa amevaa suruali ya mazoezi ya Cosmas, iliyompwaya kiunoni, na miguu ameinyoosha juu.

"Marehemu hapiti," alitangaza. "Na leo sitaki chenu. Yuko wapi huyo bingwa aliyetangaza Kilosa nzima? Aje anipite."

Waombolezaji wakacheka huku machozi yakiwatoka.

"Mwenyekiti, njoo. Au unapitaga ndugu zako tu?"

Beda alipiga magoti, akamshika vifundo. Vilikuwa vikavu na vigumu. Alibonyeza kwa kidole gumba, akaachia, nyama ikarudi palepale. Akabonyeza tena. Hakuitupa miguu. Akakiinamisha kichwa kati ya nyayo za Cleopa.

"Mtani," alisema polepole, "aliniuliza kama nimeiona miguu yake. Nikafanya mzaha."

Cleopa alimtazama. Kisha akashusha miguu, akakaa, akajifuta vumbi.

"Mzaha ni kazi yangu mimi," alisema. "Usiniingilie. Hilo lako mpelekee padri. Sasa nyanyuka, ndugu yako anachoka mabegani mwa watu."

Akampa mkono, akamwinua. Wakashika jeneza wote wawili, upande wa miguuni.

Padri alibariki kaburi. Walilishusha jeneza kwa kamba, taratibu, kichwa kikitangulia kidogo kisha kikalingana. Letisia alitupa udongo, watoto wakafuata, halafu Beda. Vijana wakafukia kwa zamu. Msalaba ukasimikwa, mashada yakawekwa, wakasali: Raha ya milele umpe, ee Bwana. Beda aliitikia pamoja na wengine. Watu wakanawa mikono kwenye ndoo, wakarudi nyumbani.