Kofi Lililoruka Ndewe

Jumapili moja niliamka sikio la kushoto likiwa jekundu, limevimba kama andazi. Mume wangu ni fundi wa milango ya chuma, mikono yake imejaa sugu, na kwa wanawake wa ploti yetu hapa Kawangware ushahidi ulitosha: nimezabwa kofi. Wueh! Walinihurumia kwa raha sana. Hata aliyekuwa hanisalimii alileta uji. "Pole mama, vumilia tu." Sikusema amenipiga, sikusema hajanipiga. Huruma ilikuwa tamu, na ugonjwa usio na jina wangeupa jina baya zaidi. Wazee wa kanisa wakamwita mume wangu, wakamkemea hadi wakachoka. Aliporudi akaniuliza, "Kwani hukuwaambia?" Nikajifanya naosha sufuria.

Sikio likapoa, likavimba tena. Kisha sauti ikanikauka, mimi niliyekuwa nikianzisha nyimbo kanisani. Nikibeba ndoo ya maji, pumzi inapiga filimbi ikiingia. Kwenye duka la dawa wakasema ni pumu, wakanipa dawa ya kuvuta. Haikusaidia kitu.

Wifi yangu, bingwa wa magonjwa yote ambaye hajasomea hata mmoja, akatoa hukumu: ni kimeo. Ati kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo kimerefuka, kinaziba hewa, lazima kikatwe. Akanipeleka mtaa wa Kambi Muru kwa mzee mwenye waya uliopinda na kikombe cha maji ya chumvi. Na mimi, mtu mzima niliyemaliza kidato cha nne, nikafungua mdomo! Mzee akakata, akanionyesha kimeo changu kwa fahari kana kwamba amenizalisha. Wifi akapiga makofi. Mjinga mmoja anakata, wa pili anashangilia, wa tatu anatema damu.

Wiki mbili baadaye nilikuwa hospitalini nang'ang'ania hewa. Daktari, mwanamke kijana mwenye macho ya usingizi, hakuanza na koo. Alishika sikio.

"Hili lilivimba lini?"

Mume wangu akatazama sakafu. Nikasema kwa sauti ya kukwaruza, "Watu walisema ni kofi."

"Kofi gani linaruka ndewe?"

Kweli bwana. Sikio zima lilikuwa jekundu, ila ndewe, pale pa hereni, palikuwa salama. Akatueleza: ndewe haina gegedu, ule mfupa laini unaoshikilia sikio, pua na njia ya hewa. Kinga ya mwili wangu, badala ya kunilinda, ilikuwa inatafuna gegedu langu mwenyewe. Ilianzia sikioni, sasa ilikuwa imefika kwenye zoloto, panapotengenezwa sauti. Ploti nzima ilikodolea macho mkono wa mume wangu, hakuna aliyelitazama sikio. Wakanitoboa shingo, wakaweka mrija.

Siku hizi nameza vidonge na kupumulia shingoni. Nikitaka kusema, naziba mrija kwa kidole. Nilipoanza tena kwenda kanisani, wifi alishuhudia kwamba kukatwa kimeo ndiko kulikoniokoa. Kisha mzee mmoja wa kanisa akaomba mume wangu apewe moyo wa upole.

Nikasimama. Nikaweka kidole shingoni.

"Hakunipiga. Hata siku moja."

Pumzi ikaishia hapo. Kanisa zima likasema amina, na wanawake wakafuta machozi kwa jinsi nilivyomsamehe. Mume wangu akatoa kitambaa mfukoni, akanipangusa mrija.