Choo cha Juu, Kisima cha Chini

Bi Povu aliolewa kilimani akitokea nchi ya mchanga. Kwao ukimwaga ndoo ya maji uani, kabla hujageuka maji yameshaingia ardhini, na mguu unaukung'uta tu umekuwa safi. Alipoletwa kwa mumewe ilikuwa masika. Gari lilikwama chini ya mteremko, wakamwambia ashuke apande kwa miguu. Hatua ya kwanza kiatu kilibaki topeni. Ya pili akaanguka kitako, na gauni lake jipya la rangi ya maziwa likawa na makalio mekundu.

Mumewe alikuwa mpasuaji mbao, mtu wa kucheka na kila kitu, na siku ile pia alicheka.

"Karibu nyumbani, mke wangu. Udongo umekupenda."

"Mimi sijaupenda," akajibu, na neno lile hajalibadilisha mpaka leo.

Alikuwa mtu wa kinyaa tangu utoto. Hakunywea kikombe alichonywea mwingine, na unywele kwenye chakula ulimfungisha siku nzima. Mtu kama huyo kumpeleka kwenye udongo ule ni kumwonea. Mvua ikinyesha uliteleza kama kamasi, ukapanda vifundoni, ukaingia ndani na kila mgeni. Jua likiwaka ulikauka ukawa tofali, jembe likawa linarudi na mikono inauma. Ndugu zake walipokuja kumtembelea waliusifu: udongo mwekundu namna hii lazima una rutuba! Akawapeleka nyuma ya nyumba akawaonyesha maharage yake, membamba, majani ya njano kama wagonjwa wa ini.

"Mvua za huku hazikatiki," akawaambia. "Zimeosha kila chenye maana, zikaacha rangi. Na hiyo rangi ni kutu tupu."

Rangi hiyo ndiyo iliyompa kazi. Watu wote wa kilimani walikuwa wekundu kuanzia magotini kushuka chini, na walishazoea. Yeye hakuzoea. Alianza kwa nguo za mumewe, akajifunza kwa kukosea. Tope bichi ukilikimbilia na maji unalipaka tu. Liache likauke, ulipige brashi, kisha maji baridi, kisha sabuni. Doa likibaki, ndimu na chumvi, uanike juani. Dawa ya kung'arisha usiithubutu, inalifanya doa kuwa la urithi. Majirani walipoona mashati ya mpasuaji mbao yanameta kuliko ya mwalimu mkuu, wakaanza kuleta vifurushi. Ndipo akapata jina la Bi Povu, na uani kwake kukajaa mabeseni na kamba. Maji aliyapata kwenye kisima alichochimba mumewe, pale pale uani, chini ya ukuta wa udongo uliochongwa walipokuwa wakisawazisha kiwanja.

Juu ya ukuta huo kulikuwa na kiwanja cha mtu tuliyemwita Mwenye Vyumba. Alikuwa rafiki wa mpasuaji mbao tangu utoto, kwa hiyo Bi Povu alimwita shemeji. Alipenda mashati meupe, na Bi Povu ndiye aliyemfulia. Kila akipokea shati alilipeleka puani kwanza, akafumba macho, akasema, "Shemeji, hapa sasa ndipo mtu anajiona binadamu." Mwaka mmoja alijenga safu ya vyumba vya kupangisha, na nyuma ya vyumba akachimba choo kimoja cha wapangaji wote.

Masika yaliyofuata, uani kwa Bi Povu kukaanza kunuka.

Kwanza alizilaumu soksi za mumewe, akazitoa nje na kijiti. Kisha akasema ni panya amefia darini, akamlazimisha mume apande atafute. Hakukuwa na panya. Harufu ikaendelea, nzito baada ya mvua, na yeye akawa anafua mpaka vidole vinakunjamana. Hata hivyo, siku moja muuguzi wa zahanati, mteja wake wa zamani, akarudisha shuka.

"Bi Povu, usinielewe vibaya," akasema huku akiangalia pembeni. "Shuka ni nyeupe kabisa. Ila zinanuka... zinanuka choo."

Bi Povu alizichukua. Muuguzi alipoondoka alizinusa, na ni kweli. Yeye, aliyekuwa akinusa hata kijiko, alikuwa ameifua harufu ile ikaingia kwenye shuka za watu!

Akaenda nyuma ya mabeseni, mahali ambapo kwa kawaida hakuwa na shughuli. Ukuta wa udongo ulikuwa unatoa jasho. Siyo wote. Sehemu ya juu, udongo mlaini wenye mizizi, ilikuwa na unyevu wa kawaida tu. Ya chini, ule udongo mzito unaobana na kung'aa ukikatwa, ilikuwa karibu kavu. Lakini pale zilipokutana palikuwa na mstari, na kwenye mstari huo yalichuruzika maji ya kijivu yenye utelezi kama ute wa konokono. Inzi walikuwa wamejipanga juu yake. Chini, penye kidimbwi, mabuu meupe yalikuwa yanajinyonganyonga. Aliufuata mchirizi kwa macho: ulipita ubavuni mwa mabeseni yake, ukaenda moja kwa moja hadi mdomo wa kisima.

Asubuhi ile alikuwa amekunywa chai vikombe viwili. Alishika nguzo ya kamba akatapika mpaka akabaki na maji machungu.

Mumewe aliporudi kutoka kazini alimwonyesha. Mpasuaji mbao alitazama, akakuna kichwa, kisha akateka maji kisimani akaonja.

"Mbona mazuri? Yana chumvichumvi kidogo tu."

"Umeyameza?"

"Nimekunywa maji haya mwezi mzima, mke wangu. Nimekufa?"

"Usinisogelee na mdomo huo," akasema Bi Povu, na usiku ule alilala chumba kingine.

Kesho yake alipanda kwa Mwenye Vyumba. Alimkuta barazani anakunywa kahawa.

"Shemeji, choo chako kinamwagikia kwangu."

"Choo changu? Haiwezekani. Udongo wa huku ni mfinyanzi, shemeji. Haupitishi maji. Kila mtu anajua."

"Haupitishi kwenda chini! Maji yakifika kwenye udongo mgumu yanakosa njia, yanatambaa juu yake, na mteremko unaelekea kwangu. Njoo uone."

"Labda ni panya amekufa."

"Panya gani anayejisaidia kwa niaba ya vyumba vinane?"

Akacheka, akasema ataangalia mvua zikikatika. Mvua za pale hazikuwa na haraka ya kukatika.

Bi Povu akamtafuta Fundi Shimo, aliyekichimba choo kile. Alimkuta anakula ndizi kwa mikono ileile ya kazi. Fundi hakuficha wala hakuona aibu.

"Juu ulichimbika vizuri, mama. Kufika kifuani tukakuta ule wa kubana. Sururu inadunda. Nikamwambia mzee, tumefika. Naye akasema basi, funika."

"Mlifika wapi?"

"Tulipochoka," akasema, akamnyooshea mkono wa kuagana. Bi Povu alizitazama kucha zake akaondoka bila kuugusa.

Kwenye kifurushi cha nguo chafu kulikuwa na shati la Mwenye Vyumba, lile zuri la vifungo vya lulu. Siku hizo Bi Povu alikuwa akifulia maji ya bomba la umma, anayoyapandisha kutoka chini ya kilima kichwani. Shati lile peke yake alilifua kwa maji ya kisima, akalipiga pasi kola ikasimama, akalikunja, akalipeleka mwenyewe. Alichagua siku ambayo jamaa alikuwa na wageni wa heshima, wakwe watarajiwa wa binti yake, wamekaa sebuleni na vikombe mkononi.

"Ah, shemeji! Karibu!" Akalipokea shati na, kama kawaida yake, akalipeleka puani. Macho hayakufumba. Yalitoka.

"Hii nini?"

"Ni wewe, shemeji," akasema Bi Povu kwa adabu, sauti ya kusikika na wote. "Wewe na wapangaji wako. Nimelifua kwa maji ya kisima changu, na wewe ndiye unayekijaza."

Mgeni mmoja aliweka kikombe chini taratibu. Mwingine aliuliza maji ya chai yametoka wapi.

Mwenye Vyumba alishuka naye mchana uleule, wageni wawili wakiwa nyuma yao wameziba pua kwa leso. Alipofika kwenye kidimbwi mguu ukateleza, na ili asianguke akajishika ukutani, mkono mzima, penye mstari. Alipouondoa ulivuta uzi mrefu. Alisimama ameutenga mkono ule na mwili, hajui auweke wapi.

"Shemeji, nipe maji ninawe."

"Maji yapo kisimani."

Wiki ileile choo kilitolewa uchafu na kufukiwa, na kipya kikachimbwa upande wa pili wa kiwanja, kirefu, kikajengewa kwa matofali. Fundi Shimo alilalamika kila siku, lakini safari hii Mwenye Vyumba alisimama juu yake.

Mpasuaji mbao hakuyaona hayo. Tumbo lilikuwa limemlaza. Alihara mpaka akashindwa kufika chooni, na Bi Povu akamfulia shuka, akamnawisha, akambadilisha, huku ameuma kitambaa kwa meno na machozi yanamtoka kwa kichefuchefu.

"Nisamehe," mume akasema siku moja, sauti imekauka.

"Nyamaza, inua mguu."

Alipopata nguvu ya kusimama, mke alikuwa tayari anakifukia kisima. Mume akambembeleza: choo kimeshahamishwa, maji yatajisafisha, alikichimba kwa jasho lake. Bi Povu aliendelea kumwaga udongo, karai baada ya karai. Mwishowe mume akachukua koleo akasaidia, anapumzika kila mara.

"Ushindilie," mke akamwambia. "Nisije nikauona unatitia."

Ulititia. Masika mengine pakafanyika shimo dogo lenye maji mekundu. Bi Povu alilifunika kwa bati, akaweka mawe juu ya bati, na mpaka leo akipita pale anashika pindo la gauni na kutema mate pembeni.