Laini ya Dada

Laini ya simu ya dada yangu ilisajiliwa kwa dole gumba langu. Yeye hakuwa na kitambulisho cha taifa, mimi ninacho, na kwetu hilo ni jambo la kawaida. Nilikuwa nimetoka Mwandoya kupakia pamba. Tulikutana Bariadi, nikaweka dole kwenye mashine, akapewa laini, akapanda gari la Lamadi kuuza dagaa. Alikuwa amemkimbia mumewe, aliyemvunja mkono. Mimi peke yangu nilijua alipo.

Mwezi uliofuata mchunga ng'ombe wa baba alitoroka na maksai wanne. Askari mmoja akafuatilia simu yake, na siku ya tatu maksai wakawa zizini. Baba alimpelekea askari jogoo.

Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini kuuliza sijaacha. Nilikwenda kituoni kumuuliza yule askari mambo hayo yanafanyikaje.

"Lete kitambulisho nikuonyeshe," alisema. Akampigia mtu wa kampuni ya simu, akamsomea namba yangu, akasikiliza. "Una laini mbili. Moja iko Lamadi. Nani huyo?"

Nilinyoosha mkono nichukue kitambulisho changu. Akacheka. Alikuwa anamfahamu shemeji, mume wa dada, na alijua anamtafuta mkewe.

Siku nne baadaye dada alikuwa amerudishwa kwa mumewe, huko Sola.

Nilirudi kituoni. Sikuwa na hasira. Sikuwa na chochote.

"Mwangaluka, afande," nilimsalimu kwa Kisukuma. "Kufuatilia laini ya dada yangu kulihitaji kibali?"

"Mume karipoti mke kapotea. Mtu akipotea tusimtafute?"

"Hakupotea. Alikimbia."

"Na maksai wa baba yako nilipata kibali cha nani? Ningesubiri karatasi, wangeshaliwa supu. Siku ile hukuuliza kibali, shemeji yangu."

Ni kweli, sikuuliza. Nikamshukuru, kwa mazoea tu, nikaondoka.

Wiki iliyopita dada alitoroka tena. Laini aliiacha mezani. Baba, anayeogopa kudaiwa arudishe mahari, aliniambia niende kwa afande. "Yule anajua kutafuta," alisema. Nje maksai walikuwa wanacheua.

Jana ilinipigia namba ngeni. Alikuwa dada, kwa simu ya kuazima. Alisema mkono bado unauma wakati wa baridi. Akaanza kusema, "Niko..."

"Usiniambie," nilimkatiza.

Akakata. Niliifuta ile namba kabla sijaikariri. Sasa baba akiniuliza, nasema sijui, na sijui.