Fatura ya Bimkubwa

Katika miaka ya tisini nilipiga picha harusi nyingi sana hapa Maskati, na malipo yangu yalikuwa halua. Bakuli la halua, dua ya mama wa bibi harusi, na maneno yale yale kila mara: "Mungu akupe na wewe." Mungu alikwishanipa mume na watoto wawili. Nilichokuwa sina ni pesa ya filamu. Lakini katika familia zetu, zilizotoka Unguja zikaja kuishi huku, mtoto wa nyumbani hatozi. Anakuja na kamera yake, anasimama upande wa wanawake ambako mpiga picha mwanamume hatii mguu, anapiga mpaka viatu vinamuuma, kisha anapeleka picha alizozisafisha kwa pesa yake mwenyewe. Ukitaja bei, watu wataulizana umelelewa wapi.

Mimi nina hasira za karibu, lakini za ndani kwa ndani. Nilikuwa nikirudi nyumbani na bakuli langu mapajani, nikiendesha gari na kununa, na asubuhi naamka kwenda wizarani nilikokuwa karani. Wiki ifuatayo wakiniita tena, naenda.

Filamu zilipoanza kuondoka nilinunua kamera ya dijitali, na baada ya miaka michache nikaagiza lenzi nzuri, ya kupigia watu kwa karibu. Niliagiza kwa Bimkubwa. Huyu alikuwa mama mtu mzima mwenye nyumba mtaa wa Al Khuwair, rafiki wa mama yangu, na sebule yake ndiyo ilikuwa duka. Kila mwezi alikuwa akipanda gari na mwanawe kwenda Dubai na kurudi na mabaibui, udi, mashine za juisi, pasi, na chochote ulichomwagiza. Ulikwenda kuchukua kitu chako, ukakaribishwa kahawa na tende, ukasikiliza habari za mpakani, ukatoa pesa ukiwa unazungumza jambo jingine kabisa. Karatasi hakuna. Kumwomba Bimkubwa karatasi ni kama kumhesabia jamaa yako vijiko baada ya kula kwako.

"Nimekufanyia bei ya mtoto wa nyumbani," aliniambia siku aliponikabidhi lenzi. Nikamshukuru sana. Kichwani mwangu bei ya mtoto wa nyumbani ilikuwa na maana moja tu, kwamba aliniuzia kama alivyonunua.

Haikupita wiki mbili nikapigiwa simu kutoka Qurum, mtaa wa wenye nacho. Mama mmoja, asiyekuwa jamaa yetu hata kwa mbali, alikuwa ameona picha zangu katika albamu ya watu, akataka nimpigie harusi ya binti yake kwenye ukumbi wa hoteli. Mlangoni, alisema, wageni wote watanyang'anywa simu zenye kamera, kwa hiyo picha zitakazokuwepo ni zangu peke yake. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu: "Unachukua kiasi gani?"

Nikamwambia nitampa jibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

Nilikwenda kuutazama ule ukumbi. Ulikuwa mzuri na wa giza, mapazia mazito, taa za kubembeleza. Lenzi yangu pekee isingetosha. Nilihitaji flashi kubwa ya kufunga juu ya kamera, na pesa zangu zote zilikuwa zimeishia kwenye lenzi. Nilitamani ile kazi kama mtu anavyotamani maji. Niliona wazi kwamba nikiifanya vizuri mbele ya wanawake wa Qurum, nitakuwa mpiga picha. Nikiikosa, nitabaki na halua yangu mpaka nizeeke.

Ndipo nikaona tangazo gazetini. Kampuni iliyotengeneza lenzi yangu ilikuwa ikiwarejeshea wateja wa nchi za Ghuba riali thelathini kwa kila aliyenunua lenzi ya aina hiyo. Flashi niliyoitaka haikuzidi sana hapo. Masharti yalikuwa machache: ujaze fomu, ukate kwenye boksi kile kipande chenye mistari myeusi na nambari, uambatishe na risiti ya duka, upeleke kwa wakala wao, kwenye mtaa uitwao Ghala, kabla ya mwisho wa mwezi. Boksi nilikuwa nalo. Fomu ilikuwa pale pale gazetini. Risiti ilikuwa kwa Bimkubwa.

Nilikwenda kwake Jumamosi baada ya kazi. Nikanywa kahawa, nikala tende, nikauliza hali ya goti lake. Nikasema nasikia siku hizi maduka ya Dubai yanatoa risiti ndefu. Akasema ndiyo, wino wake unafutika haraka. Nikasema baadhi ya watu huzitunza. Akasema watu wana nafasi. Nikatikisa kikombe, ishara ya kwamba nimetosheka, nikaenda zangu nikiwa nimejikasirikia mimi zaidi kuliko yeye.

Jumatatu nilirudi. Safari hii sikusubiri hata kikombe cha kwanza kijae.

"Bimkubwa, nna haja na risiti ya ile lenzi."

Aliweka dele la kahawa chini. "Fatura?" alisema, kwa lile neno la Kiarabu tunalotumia wote huku. "Ya nini? Imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Basi unataka kuona nimenunua kiasi gani."

"Sitaki kuona. Kampuni inarejesha pesa, wanataka risiti."

"Kampuni inarejesha pesa," alirudia polepole, kama anayesikia kwamba bahari imekauka. "Mwanangu, mie nafanya biashara tangu wewe unanyonya. Sijapata kuona mtu kauza kitu kisha akarudisha pesa kwa raha zake."

Nikampa gazeti. Kiarabu alikisoma vizuri kuliko mimi. Alisoma tangazo lote, hata yale maandishi madogo ya chini, akalikunja, akalilaza pajani.

"Hiyo fatura," alisema, "ina mambo ya watu. Mna mashine ya juisi ya jirani, mna pasi za mke wa kaka yako, mna manukato ya watu wa watu. Ukiiona yako, umeona na zao. Kesho mie nitauza nini?"

Hapo nilichoka na adabu. Nikamweleza kila kitu: simu ya Qurum, ukumbi wa giza, flashi, na kwamba nisipopata zile riali thelathini sina pa kuzipata. Sauti yangu ilipanda, na sijapata kumpandishia sauti mtu mzima kabla ya siku ile. Yeye alinisikiliza huku akichambua tende, hakukasirika hata kidogo.

"Umewaambia bei gani?"

"Bado."

"Ulitaka kusema ngapi?"

"Sitini."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nilikaa nikitazama zulia. Nilijua jamaa wataniona mroho kwa hizo sitini, na huyu alikuwa akizicheka kwa uchache.

"Hebu nitazame," alisema. "Mie kwenye lenzi yako nimekula riali ishirini na tano."

Nilikumbuka nilivyomshukuru, nilivyomsifu kwa mama yangu kwamba hakunitoza hata senti ya faida.

"Ulisema bei ya mtoto wa nyumbani," nikasema.

"Ndiyo. Mtu wa nje nakula arubaini." Alinimiminia kahawa. "Sasa umenuna. Petroli katia nani? Mpakani kwenye jua kakaa nani masaa mangapi, na goti hili? Lenzi ingevunjika njiani, ingekuwa yako au yangu? Hukuuliza, na mie sikusema, kwa kuwa hatusemi. Lakini usidhani nakwenda Dubai kutembea. Na wewe ukenda kwenye maharusi ya watu, wakuita ukacheze?"

"Hapana."

"Basi."

Nilikuwa na hasira bado, lakini ilikuwa imehama mahali. Ilikuwa imeondoka kwake na kwenda kwenye yale mabakuli yote ya halua niliyoyabeba kwa miaka, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiyapokea kwa mikono miwili. Bimkubwa alikuwa akipanga faida yake kimya kimya, wala hapungukiwi na heshima ya mtu. Mimi nilikuwa nikitoa bure na kununa njia nzima, na nikiita hiyo ndiyo adabu.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikamchukua kwa gari yangu tukaenda Ghala. Hakukubali kunipa risiti niende nayo, alikubali kuja nayo mwenyewe. Alisema karatasi yake na yeye ni kitu kimoja. Tukapita katikati ya magereji na maghala, malori yakitupigia honi, yeye ameukumbatia mkoba wake kifuani, mpaka tukaifikia ofisi ya wakala, chumba kidogo chenye kiyoyozi kikali mbele ya bohari.

Nyuma ya kaunta palikuwa na kijana Mkenya mwenye tai. Alitusemesha kwa Kiingereza, kisha alipotusikia tukinong'onezana akatabasamu.

"Kumbe mnaongea Kiswahili. Karibuni, mama zangu. Mko na risiti?"

Bimkubwa aliitoa risiti, akaitandaza juu ya kaunta na kuifunika kwa viganja vyake viwili, ukabaki wazi mstari mmoja wa katikati.

"Huo ndio wake," alisema. "Mwengine haukuhusu."

Kijana alijitahidi asicheke. "Shosho," alisema, kama kwao wanavyomwita bibi, "lazima nione jina ya duka huko juu, na tarehe."

Kiganja kimoja kikasogea kidogo. Kijana akasoma, akafungua orodha yake, akasema duka hilo la Dubai linatambuliwa. Kisha akaangalia fomu yangu na uso wake ukabadilika.

"Hapa kuna shida. Risiti iko na jina ya mama huyu, na fomu iko na jina yako. Hazifanani, hawatalipa."

Bimkubwa hakuniangalia.

"Nipe fomu nyengine," alimwambia. "Andika jina langu. Pesa zikija, mimi najua za nani."

Kijana akamwandikia, akatoa nakala ya risiti akiwa ameziba mistari mingine kwa vipande vya karatasi alivyovikata mwenyewe, na Bimkubwa akasimama juu ya mashine akihakikisha. Alipomaliza alituambia tuwe na subira; maombi yanakwenda makao makuu, na hundi hukawia, pengine miezi miwili. Harusi ilikuwa baada ya wiki tatu.

Zile riali zilikuja, na Bimkubwa alinipa zote. Lakini zilikuja harusi ikiwa imekwisha zamani. Siku ile tulipotoka Ghala nilikuwa nimefanya kila nililoweza na bado sina flashi. Tulikaa garini injini ikinguruma, nikasema basi, nitamwambia yule mama atafute mtu mwingine.

"Kwa nini usimtake arabuni?" alisema Bimkubwa. "Mie siendi Dubai bila ya mtu kuweka nusu. Mpigie."

"Nikifika nyumbani."

"Ukifika nyumbani utasema sitini. Mpigie mie nipo."

Nikatoa simu. Mama wa Qurum alipokea, tukaamkiana, tukaulizana hali za watoto. Kisha nikamwambia ninachukua riali mia mbili na hamsini, nusu kwanza, na nusu siku nitakayomkabidhi picha.

Upande wa pili ukawa kimya. Kila mshipa mwilini mwangu ulitaka nijaze ule ukimya, niseme lakini kwa ajili yako, niseme tutaelewana, niseme chochote utakachotoa. Bimkubwa alinishika kifundo cha mkono, akatikisa kichwa.

"Mia mbili na hamsini," alisema yule mama hatimaye. "Haya. Mtume dereva wako kesho, au nimtume wangu?"

"Nitakuja mwenyewe."

"Na albamu imo humo humo?"

Nilimtazama Bimkubwa, yeye akawa anatazama malori nje ya dirisha, kana kwamba hasikii kitu.

"La, mama," nikasema. "Albamu mbali."